Ndugu wa kwenye daftari: kwa nini mapenzi ya baada ya vita yaliacha siri nyingi katika familia za Kijapani

Tangu tarehe 1 Aprili 2024, mtu anayerithi nyumba au kiwanja nchini Japani anatakiwa kuhamisha hati iingie jina lake ndani ya miaka mitatu tangu ajue kwamba amerithi. Akikaa kimya bila sababu ya maana, anaweza kutozwa hadi yeni 100,000. Sheria hiyo ilitungwa kwa sababu ya ardhi: nchi imejaa viwanja ambavyo mwenyewe alishakufa na warithi hawajulikani waliko. Ila kuna kazi inayoambatana nayo. Ili ithibitike nani ni mrithi, familia hukusanya madaftari yote ya serikali ambamo marehemu aliandikwa, tangu siku aliyozaliwa mpaka siku aliyokufa. Kazi hiyo si mpya, benki na mahakama zimeidai miaka mingi. Sheria ya 2024 imewafikia wale waliokuwa wakiiahirisha. Na humo, katika kurasa za zamani zilizoandikwa kwa mkono, watu wazima wenye wajukuu hukuta jina la ndugu ambaye hawajawahi kumsikia.

Visa vya aina hii vikifika kwenye mitandao yetu, wapo wanaoshangaa: familia gani inamficha mtoto miaka sabini? Na wapo wenye jibu tayari: Wajapani ndivyo walivyo, hawasemi ya ndani mwao. Jibu hilo naliona la uvivu. Ukipitia sheria za miaka iliyofuata Vita ya Pili ya Dunia unaona kwamba siri nyingi zilipikwa ofisini kabla hazijafika nyumbani. Palikuwa na daftari la serikali lililomwanika kila mtoto wa nje, sheria za uhamiaji zilizomzuia askari wa kigeni kumchukua mkewe wa Kijapani, na udhibiti wa magazeti uliokataza jambo lenyewe lisiandikwe. Nitaanza na daftari, maana bila hilo mengine hayashikiki.

Daftari la nyumba

Sisi tumezoea cheti cha kuzaliwa, karatasi ya mtu mmoja. Japani hati kuu ni ya nyumba nzima. Inaitwa koseki, na mfumo wake wa kitaifa ulianza kutumika 1872. Humo huandikwa nani kazaliwa na ni mtoto wa ngapi, nani kaoa, nani kaachika, nani kaasiliwa na nani kafa. Mgeni hana koseki. Akioana na Mjapani, jina lake hutajwa tu ndani ya maelezo ya mwenzake.

Fikiria daftari la madeni dukani kwa Mangi. Aliyemaliza deni jina lake halifutwi. Linapigwa mstari, na ukitazama vizuri bado unasoma alikuwa nani na alidaiwa nini. Koseki za karatasi zilikwenda hivyo hivyo. Binti akiolewa na kuhamia kwa mume, au mke akiachika na kuondoka, alikatwa kwa alama ya X, na maelezo yakabaki: katoka lini, kaenda daftari gani. Halafu Mangi akifungua daftari jipya huwa hawahamishi waliokwisha kulipa. Japani nako ni hivyo. Familia ikihamisha koseki yake kwenda mji mwingine, katika daftari jipya huandikwa waliopo tu. Waliokatwa hubaki nyuma. Daftari la zamani hufungwa na kuhifadhiwa na manispaa. Zamani lilitunzwa miaka 80, na tangu 2010 ni miaka 150.

Usilisahau hilo la daftari jipya, nitalirudia.

Mtoto aliyezaliwa nje ya ndoa aliingia kwenye koseki ya mama, na pale panapoandikwa jina la baba pakaachwa wazi mpaka baba amkubali kisheria. Mtoto wa ndoa aliandikwa “mwana wa kwanza” au “binti wa pili”. Wa nje aliandikwa “mwanamume” au “mwanamke”, basi. Tofauti hiyo ya maneno mawili matatu iliendelea mpaka 2004. Kwetu wazee husema kitanda hakizai haramu na mjadala unafungwa. Koseki iliuacha wazi kwa yeyote anayejua kusoma.

Na wasomaji walikuwepo. Mpaka 1976 mtu baki aliweza kwenda manispaa, akalipa ada, akaisoma koseki ya familia isiyo yake. Ndoa nyingi za wakati huo zilipitia kwa mshenga, na kabla posa haijakubaliwa kila upande ulimpeleleza mwenzake. Je, ukooni kuna maradhi ya kurithi? Kuna wendawazimu? Wametoka katika tabaka la watengwa? Kuna mtoto asiye na baba? Palikuwa na makampuni ya upelelezi yaliyojipatia riziki kwa kazi hiyo.

Sasa chukua nyumba ya mabinti watatu, mwaka 1948. Mkubwa amezaa na askari wa Kimarekani. Mtoto akiandikwa, ameandikwa, na mshenga wa mdogo wake atakuja kumsoma miaka kumi baadaye. Kwa hesabu hiyo, mzazi anayemficha mjukuu anaweza kuwa anampenda binti yake mkubwa na mdogo kwa pamoja, ila mdogo ndiye ambaye bado hajaposwa. Mara nyingi siri ilikuwa ya kumlinda yeye.

Sheria yenyewe ilikuwa imeshageuka. Kanuni ya Madai ya 1898 ilimpa mkuu wa nyumba mamlaka makubwa juu ya ndoa za watu wake. Katiba iliyoanza kutumika tarehe 3 Mei 1947 ilisema, katika Ibara ya 24, kwamba ndoa msingi wake ni ridhaa ya hao wawili tu. Aliyeandika rasimu ya vifungu vya haki za wanawake alikuwa msichana wa miaka 22, Beate Sirota, mzaliwa wa Vienna aliyekulia Tokyo na kurudi huko akiwa mfanyakazi wa utawala wa Marekani. Mwanzoni mwa 1948 mkuu wa nyumba akavuliwa mamlaka yake kisheria. Lakini mshenga hakuvuliwa kitu. Ndoa za kuchaguana wenyewe zilikuja kuzipiku zile za kutafutiwa mwishoni mwa miaka ya 1960.

Walikutana kazini

Japani ilisalimu amri Agosti 1945 na ikakaliwa na majeshi ya washindi, chini ya Jenerali Douglas MacArthur, mpaka tarehe 28 Aprili 1952. Okinawa ilibaki mikononi mwa Wamarekani mpaka 1972. Kufikia mwisho wa 1945 askari wa Kimarekani walikuwa zaidi ya 400,000. Upande wa wenyeji, vita ilikuwa imeua Wajapani takriban milioni 3, wengi wao vijana wa kiume, na miji ilikuwa majivu.

Njaa ilikuwa kali kiasi gani? Mwaka 1947 hakimu mmoja wa Tokyo, Yamaguchi Yoshitada, ambaye kazi yake ilikuwa kuwahukumu waliokamatwa na chakula cha magendo, aliamua asile magendo naye. Akaishi kwa mgawo wa serikali peke yake. Alikufa Oktoba mwaka huohuo kwa utapiamlo. Wengine wote walikula magendo, ndiyo maana walipona.

Katika hali hiyo, kambi ya jeshi la kigeni ilikuwa mwajiri mkubwa. Wasichana walipiga taipu, walitafsiri, walihudumu kantini, walifua, walipika, waliuza kwenye maduka ya jeshi. Pale Ginza, mtaa wa maduka ya kifahari wa Tokyo, jengo la Hattori lenye saa na duka kubwa la Matsuya yaligeuzwa kuwa maduka ya askari. Mvulana wa miaka 20 kutoka Ohio na msichana wa miaka 20 anayemrudishia chenji kila siku: huhitaji nadharia kueleza yaliyofuata.

Hapa kuna dhana inayosumbua mpaka leo, kwamba wanawake hao wote walikuwa makahaba. Chanzo chake ni serikali ya Japani yenyewe. Siku chache baada ya kusalimu amri, ilifungua madanguro rasmi kwa ajili ya askari wa kigeni, kwa hoja kwamba wanawake wachache watolewe ili “wengine” wasalimike. Waliochukuliwa walikuwa hasa maskini na waliopoteza familia. Mapema 1946 Wamarekani wakayafunga, maradhi ya zinaa yakiwa yameenea. Wanawake wakabaki barabarani, na jina walilopewa, panpan, likamganda kila msichana aliyeonekana akitembea na askari, hata kama ni karani anayesindikizwa kituo cha treni. Jina hilo lilitosha baba kumkana mwanawe.

Ruhusa ya kamanda

Dhana nyingine, tena ndiyo ipendwayo zaidi, ni kwamba askari walicheza wakakimbia. Waliofanya hivyo walikuwepo, na hawakuwa wachache. Ila mwanamume aliyetaka kuoa kwa dhati alikutana na ukuta.

Askari hakuweza kuoa bila ruhusa ya kamanda wake, na kamanda aliweza kukataa au kumhamisha kituo. Mchumba alichunguzwa na polisi, akapimwa na daktari, akatakiwa kuleta nakala ya koseki. Na hata kamanda akikubali, Sheria ya Uhamiaji ya 1924 ilimfungia mlango mtu wa Asia ambaye kwa rangi yake hakustahili uraia wa Marekani. Desemba 1945 Marekani ilipitisha sheria ya kuwapokea wake za askari kutoka ng'ambo. Wake wa Kiingereza na Kifaransa wakapanda meli. Mke wa Kijapani akabaki gatini.

Julai 1947 mlango ulifunguliwa kidogo: waliooana kabla ya siku 30 kupita tangu sheria isainiwe wangeruhusiwa. Siku thelathini, pamoja na fomu zote hizo! Ukafunguliwa tena kwa muda 1950, na sheria ya 1952 ndiyo iliyoondoa kizuizi cha rangi katika uraia. Kati ya 1945 na 1952, basi, wapenzi wengi walifunga ndoa ya kienyeji mbele ya kuhani wa Kishinto, wakapiga picha, wakala keki, na kwa sheria za nchi zote mbili hawakuwa mume na mke. Mtoto wao, kwa daftari, hakuwa na baba.

Halafu Juni 1950 vita ya Korea ikalipuka, na vikosi vya kwanza kupelekwa vilitoka kambi za Japani. Mwanamume aliaga asubuhi akidhani atarudi mwisho wa mwezi. Wengine walikufa huko, wengine walirudishwa Marekani moja kwa moja. Barua kwa mwanamke ambaye si mke wa kisheria hazikuwa jukumu la jeshi.

Kwa askari weusi milango ilikuwa michache zaidi. Kikosi cha 24 cha askari wa miguu, cha Wamarekani weusi, kilikaa Gifu, na uchumba ulikuwepo kama kwingine. Lakini majimbo mengi ya Marekani yaliharamisha ndoa kati ya mzungu na mtu wa rangi nyingine mpaka Mahakama Kuu ilipozifuta sheria hizo 1967; na ingawa ndoa ya mtu mweusi na Mjapani haikuguswa na kila sheria ya namna hiyo, mume mweusi alijua anamleta mkewe kwenye nchi inayomtenga yeye mwenyewe.

Australia ilikuwa na jeshi lake upande wa Kure, karibu na Hiroshima, na sera yake ya kutaka nchi ya weupe watupu. Waziri wake wa uhamiaji alitangaza 1948 kwamba wanawake wa Kijapani hawataruhusiwa kuingia. Askari mmoja, Gordon Parker, alikuwa amempenda msichana aliyefanya kazi kambini, Nobuko Sakuramoto, ambaye Waaustralia walimwita Cherry. Alihangaika miaka. Sera ilipolegezwa Machi 1952, Cherry akawa mke wa kwanza wa Kijapani kufika, Julai mwaka huo, akiwa na mabinti wawili mkononi. Walimfuata wengine takriban 650. Marekani ilipokea wengi zaidi. Makadirio hutaja kati ya 40,000 na 50,000 mpaka mwisho wa miaka ya 1950.

Kabla ya kusafiri, baadhi walipitia shule za Msalaba Mwekundu zilizowafundisha kutandika kitanda cha Kimarekani, kupika chakula cha huko na kuvaa viatu virefu. Wakifika, wengi waliambiwa wasizungumze Kijapani na watoto. Kwa hiyo siri ilikatika vipande viwili. Huko Japani palikuwa na shangazi asiyetajwa. Huko Kansas palikuwa na mama ambaye watoto wake hawakujua ana dada wangapi.

Swali linaloulizwa sana ni kama wazazi “waliwafuta” mabinti hawa kwenye daftari. Binti yeyote anayeolewa na Mjapani hutoka kwenye koseki ya wazazi, hilo ni la kawaida. Aliyeolewa na mgeni, ajabu, ndiye aliyebaki: mpaka sheria ilipobadilishwa kuanzia 1985, ndoa yake iliandikwa ndani ya maelezo yake kwenye daftari la baba, pamoja na jina la mume kwa herufi za kuandikia majina ya kigeni. Jina la Kimarekani katikati ya ukurasa wa ukoo, mbele ya macho ya mshenga yeyote. Alikatwa pale alipochukua uraia wa mumewe na kupoteza wa Kijapani. Ukiwaza hivyo unaelewa kwa nini baadhi ya baba waliona afadhali familia ihamishe koseki mji mwingine. Binti aliyekwisha kukatwa hakuhamishwa. Kuanzia hapo, mtoto wa mwisho anayeomba nakala ya koseki kwa ajili ya kazi au ndoa anaona ana dada mmoja. Wako wawili.

Watoto

Mwenyewe Sawada Miki alisimulia kisa kilichombadilisha. Alikuwa mjukuu wa Iwasaki Yataro, mwanzilishi wa Mitsubishi, na mke wa balozi. Mtu aliyezoea karamu za London na New York. Muda mfupi baada ya vita, akiwa ndani ya treni iliyojaa, kifurushi kilimwangukia kutoka kwenye rafu ya mizigo. Kilikuwa kimefungwa kwa magazeti. Kilipofunguliwa, ndani palikuwa na maiti ya mtoto mchanga mwenye ngozi nyeusi. Abiria wakamgeukia yeye: si mzigo wako? Ilimbidi ajitetee kwamba hakuzaa.

Mwaka 1948 alifungua nyumba ya kulelea watoto kwenye jumba la zamani la familia yake kule Oiso, kusini-magharibi ya Tokyo, akaipa jina la Elizabeth Saunders, Mwingereza aliyefanya kazi ya kulea watoto Japani kwa miaka mingi na kuacha akiba yake ndogo kwa ajili ya wema. Watoto waliachwa getini, wengine usiku. Sawada alilea mamia, akawatafutia wazazi wa kuwaasili Marekani, akawajengea shule humohumo kwa sababu nje walizomewa, na miaka ya 1960 akapeleka baadhi ya vijana kwenye shamba la Amazoni, Brazili. Alilaumiwa kwa kuwatenga. Lawama hiyo ina ukweli ndani yake, lakini waliomlaumu hawakuwa na vitanda vya kuwapa hao watoto.

Walikuwa wangapi? Uvumi wa miaka ile ulitaja 200,000, na namba hiyo bado inazunguka. Wizara ya Afya na Ustawi ilipohesabu mwanzoni mwa miaka ya 1950 ilipata maelfu machache. Hesabu ya wizara bila shaka iliwakosa waliofichwa na waliokwisha kwenda ng'ambo, ila haiwezekani kuwakosa watoto wote hao. Pengo lile lilitokana na udhibiti. Utawala wa MacArthur ulikagua magazeti, na uhusiano wa askari na wanawake wa nchi ulikuwa kati ya mambo yaliyokatwa. Miaka minne mitano watu waliona kwa macho jambo ambalo gazeti halilitaji. Udhibiti ulipokwisha, simulizi zilifumuka zote kwa pamoja, na Aprili 1953, watoto wa kwanza walipofikia umri wa shule, nchi nzima ikaanza kujadili “tatizo la watoto chotara” kana kwamba ni mafuriko. Lisilosemwa gazetini hukua midomoni.

Familia nyingine zilichagua njia ya kimya zaidi. Bibi na babu walimwandikisha mjukuu kama mtoto wao. Mama mzazi akawa dada. Au kichanga kilipelekwa kwa wanandoa wasio na mtoto, nao wakamwandikisha kama wamemzaa. Kisheria ni kughushi hati ya umma, na ilifanyika kwa watoto wa Kijapani watupu pia, si chotara tu. Mwaka 1973 daktari wa Ishinomaki, Kikuta Noboru, alikiri hadharani kwamba amewapitisha watoto zaidi ya 100 kwa njia hiyo, kwa sababu mama zao wangetoa mimba au wangewatupa kuliko kuandikwa. Aliadhibiwa, lakini kelele zake zilichangia kuzaliwa kwa sheria ya 1987 iliyoanzisha aina mpya ya kuasili, ambayo kwenye koseki mtoto anaandikwa kama wa kuzaliwa.

Kwa chotara njia hiyo ilikuwa na mipaka yake. Karatasi inaweza kusema bibi amezaa. Nywele na ngozi zinasema vingine.

Okinawa ilikuwa na kitendawili chake. Mpaka mwisho wa 1984 uraia wa Kijapani ulifuata baba. Mtoto wa nje ya ndoa aliupata kwa mama yake, maana kisheria hakuwa na baba. Mtoto wa ndoa halali alifuata baba Mmarekani, na kama baba hakuwa ameishi Marekani miaka inayotakiwa, Marekani nayo ilimkataa mtoto. Kwa hiyo ndoa halali iliweza kumwacha mtoto bila nchi yoyote, na asiye wa ndoa akawa raia. Sheria ilirekebishwa, na tangu tarehe 1 Januari 1985 mama naye anampa mtoto uraia. Denny Tamaki, aliyechaguliwa gavana wa Okinawa 2018, alizaliwa huko 1959. Baba yake alikuwa askari wa Kimarekani ambaye hakuwahi kumwona.

Majina mawili

Tukizungumzia chotara wa Kimarekani peke yao tunaacha siri kubwa zaidi kwa idadi. Vita ilipokwisha, Japani ilikuwa na Wakorea wengi walioletwa au kuja enzi ya ukoloni, na ndoa kati yao na Wajapani zilikuwepo tele. Aprili 1952, kwa waraka tu, wote walipoteza uraia wa Kijapani, pamoja na wanawake wa Kijapani waliokuwa wameingizwa kwenye madaftari ya Kikorea kwa kuolewa. Sura haikuwatofautisha, kwa hiyo wengi walitumia jina la Kijapani nje na la Kikorea kabatini. Kuna watoto waliojua asili yao siku walipoitwa manispaa kuchukuliwa alama za vidole kama wageni, wakiwa na miaka 14, au 16 baada ya umri huo kupandishwa.

Mfano mkubwa ni Rikidozan. Kuanzia 1954 Wajapani walijazana mitaani mbele ya televisheni kumtazama mwanamieleka huyo akiwaangusha Wamarekani, wakaona heshima ya taifa inarudi. Karatasi zake zilisema mzaliwa wa Omura, Nagasaki. Alizaliwa Korea, jina lake Kim Sin-rak. Alikufa Desemba 1963 baada ya kuchomwa kisu, na mashabiki wengi walijua ukweli akiwa kaburini.

Tangu Desemba 1959 meli zilianza kuwahamishia Korea Kaskazini Wakorea wa Japani. Mpaka 1984 walikwenda zaidi ya 93,000, na miongoni mwao wake wa Kijapani takriban 1,800. Waliahidiwa kwamba baada ya miaka michache wangeweza kuja kusalimia. Wa kwanza walioruhusiwa walikuja 1997, tena kikundi kidogo.

Wanaotafuta leo

Haya hayakuishia miaka ya 1950. Mama yake Naomi Osaka, mcheza tenisi, ni mtu wa Nemuro, Hokkaido. Alipompenda kijana wa Kihaiti miaka ya 1990, baba yake alimwambia ameiaibisha familia, na kwa zaidi ya miaka kumi hawakuonana. Mambo hayo familia yenyewe iliyasimulia 2018. Ila daftari limelegea: tangu 1976, na zaidi tangu 2008, mtu baki hawezi kuisoma koseki yako, na tangu 2013 mtoto wa nje anarithi sawa na wa ndani, baada ya Mahakama Kuu kuamua kwamba kumpa nusu ni kinyume cha katiba.

Kwa anayemtafuta mama au dada upande wa Japani, njia ipo na ni nafuu. Mtoto au mjukuu wa damu anaruhusiwa kuomba madaftari ya mzazi wake hata kama yeye ni raia wa kigeni, mradi athibitishe uhusiano. Nakala ya daftari lililofungwa ni yeni 750, na tangu Machi 2024 anayefika mwenyewe dirishani na kitambulisho anaweza kuombea manispaa yoyote badala ya kuandikia kila mji. Kinachohitajika ni jina kwa maandishi ya Kijapani na mahali koseki ilipoandikishwa. Karatasi za zamani za mama zinaweza kusaidia. Kutoka daftari la mwisho unarudi nyuma, moja baada ya jingine, mpaka lile ambalo familia ilihama ikaliacha.

Kwa anayemtafuta baba wa Kimarekani mambo ni magumu. Kumbukumbu za wanajeshi zilihifadhiwa St. Louis, na tarehe 12 Julai 1973 moto uliteketeza mafaili kati ya milioni 16 na 18, yakiwemo mengi ya waliotumikia jeshi la nchi kavu mpaka 1960. Kizazi hicho ndicho kilichokuwa Japani. Kwa hao kilichobaki ni picha zilizonusurika kuchomwa, jina la kwanza alilokumbuka mama, na kipimo cha DNA cha kununua mtandaoni, ambacho kwa kawaida humpata binamu kwanza, kisha binamu huyo huulizwa kama kuna mjomba aliyewahi kukaa Yokohama.